Bomu halikuliua Daily News

Wengi wakisimulia kisa cha Daily News, gazeti huru la Zimbabwe, husema lililipuliwa likafa. Sivyo ilivyokuwa.

Bomu lilikuwepo kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 2001, mtambo wake wa kuchapia jijini Harare uliharibiwa kwa mlipuko. Hata hivyo gazeti hilo, lililoanzishwa 1999 likihaririwa na Geoffrey Nyarota, lilichapwa kwingine na kuwafikia wasomaji likiwa na kurasa chache. Ujasiri huo unastahili kukumbukwa, na tunaposema bomu lililiua tunawanyima waliolitoa haki yao.

Kilicholifunga ni sheria. Mwaka 2002 serikali ya Robert Mugabe ilipitisha sheria iliyolazimisha kila chombo cha habari kusajiliwa na tume ya serikali. Wamiliki walikataa kujisajili, wakaipinga mahakamani. Septemba 2003 Mahakama ya Juu ikasema gazeti linaendeshwa kinyume cha sheria, na mara polisi wakazifunga ofisi. Mlipuko ulishindwa kulinyamazisha. Usajili ulilinyamazisha kwa zaidi ya miaka saba, mpaka liliporudi mitaani 2011.