Tenshena ya cheni ya taimingi ni nini, na mbona pikipiki ya zamani inalia?

Washa Honda CB750 ya miaka ya 1970 uiache sailensa, yaani iungurume polepole bila kuongezewa moto. Ukisikia mlio kama wa mkufu unaotikiswa ndani ya kopo, wa kushukiwa mapema ni tenshena, yaani kifaa kinachoisukuma cheni ya taimingi ili isilegee.

Cheni hii si ile ya nje inayozungusha tairi la nyuma. Imo ndani ya injini, inaogelea kwenye oili, na kazi yake ni kuzungusha kamshafti inayofungua valvu. Krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Miaka ikipita, pini za cheni hulika. Kila kiungo kinaongezeka unywele tu, lakini viungo ni vingi, na cheni nzima inakuwa ndefu. Urefu huo wa ziada ndio unaomezwa na tenshena.

Injini inapozunguka, krenki huvuta cheni upande wa mbele wa silinda, na upande huo hukaza wenyewe. Ulegevu wote hukimbilia nyuma. Ndiyo maana tenshena ya CB750, na ile ya Yamaha XS650, imewekwa nyuma ya silinda. Kwa hiyo unaporekebisha, zungusha injini kuelekea inakozunguka ikitembea. Ukiirudisha nyuma hata kidogo, ulegevu unahamia mbele na unarekebisha kitu ambacho hakipo.

Kwenye CB750, iliyotoka 1969, watu wengi hukosea jambo moja: wanadhani bolti ya tenshena ndiyo inayokaza cheni. Sivyo. Anayekaza ni springi iliyo ndani. Bolti ni kufuli tu. Unaweka krenki pale kitabu cha matengenezo kinapoelekeza, unalegeza nati na bolti, springi inasukuma yenyewe, kisha unafunga. Kuikandamiza bolti kwa nguvu hakuongezi chochote. XS650 ni kinyume chake: unafungua kifuniko, unalegeza nati ya kufungia, halafu unakizungusha kirekebishi hadi ncha ya kijiti kilicho katikati ilingane sawasawa na ukingo wake. Ukipitiliza, cheni inakazwa mno na kuanza kula ile pedi inayoisukuma.

Kabla ya kushika spana, hakikisha mlio unatoka huko kweli. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye silinda, upande wa nyuma, na mpini sikioni. Cheni iliyolegea hukwaruza ovyo ovyo kwenye sailensa, na mara nyingi hutulia ukiongeza moto kidogo. Tapeti, yaani sehemu zinazozisukuma valvu, hugonga kwa mpigo wa kawaida, tena juu kabisa. Mlio ukibadilika ukishika klachi, tafuta upande wa klachi. Na kwa CB750, kabureta zake nne zisipolingana, injini inatetemeka na kelele za cheni zinaongezeka bila tenshena kuwa na kosa. Kwa XS650 kuna ushahidi mwingine: platini zake, yaani swichi ndogo za kuwasha cheche, zinaendeshwa na kamshafti, kwa hiyo cheni ikilegea, ukimulika kwa taa ya taimingi (inayomweka kila cheche inapotoka), alama ya taimingi inarukaruka badala ya kutulia.

Jambo la pembeni: kama una pikipiki ya Kichina yenye injini ya mtindo wa Honda CG125, ile ya fimbo za kusukuma valvu, fundi akikwambia cheni ya taimingi imelegea, mwulize ipo wapi. Injini hiyo haina.

Ukirekebisha na mlio ukarudi baada ya siku chache, pedi imekwisha au cheni imerefuka kupita uwezo wa tenshena. Kagua chujio la oili. Vipande vya mpira au plastiki humo ni mabaki ya pedi. Kubadilisha cheni si lazima kupasua injini yote: mafundi huikata ya zamani, huifunga mpya kwenye ncha yake, na kuivuta taratibu huku wakizungusha krenki, wakishikilia ncha zote mbili zisidumbukie ndani.

Tenshena ikiwa nje, usiguse stata wala kiki. Cheni ikiruka jino, valvu na pistoni zinaweza kukutana. Ukimaliza kufunga, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, polepole. Ukihisi imegonga kitu kigumu, simama hapo hapo, usilazimishe; rudi ukague alama za taimingi.