Batani ya sinki haichezeshi watu

Ukikaa Kirumba hapa Mwanza jioni hukosi mtu anayesema madijei wa tekno, ule muziki wa kudansi unaotengenezwa kwa mashine, ni wababaishaji, eti wanabonyeza batani moja kompyuta inamaliza kila kitu, si kama wale wa zamani. Mimi mwenyewe niliamini hivyo miaka.

Batani hiyo ipo kweli, tusidanganyane, inaitwa sinki (sync kwa Kiingereza, yaani kulinganisha). Inachofanya ni kusoma spidi ya nyimbo mbili, tuseme moja ina midundo 128 kwa dakika nyingine 132, inazisawazisha ziende pamoja, basi. Haijui wimbo gani ufuate, haijui watu wamechoka, haijui lini ukate besi ya wimbo unaotoka ili ya unaoingia ipate nafasi, maana besi mbili zikigongana spika inavuma tu kama injini ya feri. Ni kama wavuvi wa dagaa hapa ziwani, walihama karabai wakaenda taa za sola lakini wapi pa kutega na saa ngapi uvute nyavu bado ni kichwa chako.

Na hao wa zamani mnaowasifia nao walikuwa na mashine zao jamani! Tekno ilianzia Detroit, Marekani, miaka ya 1980, vijana weusi kina Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, wakitumia sintesaiza, yaani vinanda vya umeme vinavyotengeneza sauti, na mashine za ngoma, na moja ya mashine hizo, Roland TR-909 iliyotoka 1983, bado inasikika mpaka leo.

Halafu sinki yenyewe inakosea. Iwekee rumba la zamani lililopigwa na ngoma za mkono, spidi inapanda inashuka, utaona inavyochanganyikiwa.