Je, wajua kwa nini matoke uliyokatazwa ndiyo hujaa kichwani?

Shangazi yangu wa Walukuba, Jinja, alikatazwa matoke, ndizi za kupikwa zikiwa zimefungwa majani, figo zake zilipokufa akaanza kusafishwa damu kwa mashine. Alipokuwa mzima hakuwahi kuyasifu. Yalikuwa chakula tu, yapo kila siku kama ukuta wa nyumba. Wiki ya tatu ya posho, yaani ugali wa mahindi, na wali mweupe alinivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya mtu anayekiri kosa: "Mwanangu, naota matoke. Nayaona yanafunuliwa, mvuke unapanda, majani yamesinyaa." Nikamjibu kwa kujiamini, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa cheti: "Hiyo ni kawaida, Shangazi. Mwili hujua unachokosa, ndiyo maana unaomba."

Nilikosea. Na kosa lenyewe si dogo: kama angelifuata, lingeweza kumuua.

Figo zenye afya ndizo huondoa mwilini sehemu kubwa ya potasiamu, aina ya madini tunayokula kwenye chakula. Zikifa, potasiamu hulimbikizana kwenye damu, na ikizidi sana huvuruga mapigo ya moyo mpaka moyo kusimama. Kiwango cha kawaida ni kama 3.5 hadi 5.0 kwenye karatasi ya maabara. Matoke yana potasiamu nyingi. Ndivyo ilivyo kwa maharage, parachichi na viazi vitamu pia. Ndiyo sababu ya katazo, na kwa sasa hiyo inatutosha.

Sasa rudi kwenye jibu langu. Kama mwili huomba kinachopungua, mtu ambaye damu yake imefurika potasiamu angepaswa kuyachukia matoke, ayaone akatapike. Shangazi aliyaota. Karatasi yake ya maabara ilikuwa inasema "imezidi", na kichwa chake kinasema "niletee". Haiwezekani vyote viwili viwe ni ujumbe wa mwili uleule unaojua hesabu zake.

Imani hii hudumu kwa sababu ina chembe ya ukweli, na chembe yenyewe ni ya kushangaza. Mwaka 1940 watafiti wawili wa Baltimore, Marekani, Lawson Wilkins na Curt Richter, waliandika habari za mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nusu aliyekula chumvi kama wenzake walivyokula sukari. "Chumvi" lilikuwa miongoni mwa maneno yake ya kwanza kutamka. Alipolazwa hospitalini alipewa chakula cha kawaida cha watoto, na baada ya siku 7 akafa. Ndipo ilipogundulika kwamba tezi zake zinazokaa juu ya figo zilikuwa zimeharibika, mwili unavuja chumvi usiku na mchana. Kumbe mtoto alikuwa anajitibu.

Kwa hiyo kengele ya chumvi ipo. Ya maji ipo pia, tunaiita kiu. Lakini kwa virutubisho vingine vingi hakuna kengele ya namna hiyo, na hata pale upungufu unapoamsha uchu, mara nyingi uchu wenyewe hukosea mlango. Mtu aliyepungukiwa madini ya chuma anaweza kushikwa na hamu ya kutafuna barafu kutwa nzima. Barafu haina chuma hata punje. Mpe vidonge vya madini ya chuma, na hamu ya barafu mara nyingi huisha mapema, hata kabla damu haijarudi sawasawa. Au tazama mumbwa, vile vijiti vya udongo uliochanganywa na majani ya dawa ambavyo wajawazito wengi wa Uganda husugua juu ya jiwe na kunywa na maji. Bibi zetu walituambia ni mtoto anaagiza. Hamu ya udongo huonekana sana kwa wenye upungufu wa chuma, ni kweli, lakini udongo wa aina nyingi huweza kuizuia chuma iliyomo kwenye chakula isifyonzwe. Mwili una shida ya kitu kimoja na unaagiza kingine, tena kile kinachozidisha shida. Mimi nisingemtuma mjumbe wa namna hiyo hata dukani.

Nimelikalia jambo hili kwa muda kwa sababu si mimi peke yangu niliyelisema. Kaa kwenye benchi la wanaosubiri mashine utalisikia, na baya zaidi ni jinsi linavyomgawa mgonjwa katikati: daktari anasema hapana, "mwili" unasema ndiyo, naye hajui amsikilize nani. Upande wa pili wapo wenye jibu jingine, kwamba ni ulafi, au imani haba, au "hujakubali ugonjwa". Hao humfanya anyamaze. Shangazi alininong'oneza ndoto yake kama vile alikuwa ameniibia.

Basi kama si mwili na si ulafi, ni nini?

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake huko Texas waliwaomba wanafunzi waseme kwa sauti kila wazo linalowapitia kichwani kwa dakika 5, ila wasimfikirie dubu mweupe. Akiingia kichwani, wagonge kengele. Dubu ni mnyama ambaye wengi wetu tumemwona kwenye televisheni tu, na nina hakika hata hao wanafunzi hawakuwa na habari naye asubuhi ile. Kengele zililia, zaidi ya mara moja kwa dakika. Kisha wakaruhusiwa kumfikiria. Waliokuwa wamekatazwa mwanzo wakamfikiria zaidi kuliko kundi lililoruhusiwa tangu mwanzo.

Maelezo ambayo Wegner aliyajenga baadaye nayaelewa kwa askari wa getini. Tuseme umeajiri askari, ukampa kazi moja: mtu mwenye shati jekundu asipite. Ili aifanye kazi hiyo, inambidi abebe picha ya shati jekundu kichwani kutwa nzima. Kila boda ikisimama anainua shingo: ni yeye? Mjomba akija na fulana ya rangi ya chungwa, askari anasimama. Akipita muuza nyanya, anasimama. Kabla ya amri ile huenda mwenye shati jekundu alikuwa anapita mara moja kwa wiki bila yeyote kujali. Sasa anaonekana kila kona, kwa sababu yupo anayelipwa ili amtafute.

Kichwani, kwa mujibu wa nadharia hiyo, wapo wawili. Yupo askari huyo anayekagua kama kilichokatazwa kimekaribia, na yupo mwingine ambaye kazi yake ni kukupeleka kwenye mawazo mengine: watoto, shamba, redio. Huyu wa pili hutumia nguvu nyingi. Askari hatumii karibu chochote. Kwa hiyo ukichoka, anayekusaidia hulala kwanza, na askari hubaki macho na picha yake mkononi. Fikiria sasa mtu aliyetoka kukaa saa 4 kwenye mashine Kampala, akapanda taksi kurudi Jinja, kichwa kinamuuma, miguu inamkakamaa, anashuka saa moja jioni wakati kila sigiri ya mtaa ina sufuria juu yake. Shangazi alisema siku za mashine ndizo mbaya kuliko zote. Sikuwa na haja ya kuuliza kwa nini.

Hapa lazima nipunguze mwendo, maana nadharia hii tamu si msahafu. Majaribio mengi ya baadaye yameona kishindo cha kurudi kwa wazo lililofukuzwa, ila mara nyingi ni kishindo kidogo, na kwa chakula matokeo yamechanganyika. Tena kuna jambo lililonishangaza kuliko dubu: kumnyima mtu kitu kwa siku chache huongeza hamu, lakini tafiti za wanaofuata mpangilio wa chakula kwa wiki na miezi mara nyingi huonyesha hamu ikishuka. Inaelekea ubongo ulikuwa umezoea kuunganisha harufu fulani, saa fulani na sahani fulani, na kiungo hicho hulegea kisipolishwa. Waliofuatiliwa, hata hivyo, wengi walikuwa watu wanaotaka kupunguza uzito, si wagonjwa wanaoogopa kufa. Sitamwahidi mtu wa figo kwamba mwezi wa tano atakuwa amesahau.

Na kuna kitu ambacho askari wangu hakielezi kabisa. Kwa Kiganda, neno emmere ni chakula, lakini mezani maana yake hasa ni kile kinachoshibisha, na kwa wengi hicho ni matoke. Vingine vyote, nyama, karanga, samaki, ni enva, yaani kitoweo. Basoga na Waganda tuliokua nao mtaani wakila wali saa saba mchana, jioni bado waliweza kukuambia hawajala. Ukimwondolea mtu kama huyo matoke hujamwondolea kimoja kati ya vyakula kumi. Umemwachia kitoweo peke yake, na nafasi yake kwenye mkeka imetikisika: wenzake wanachota kutoka kwenye fungu moja la majani, yeye ana kisahani chake pembeni kama mgeni. Huko si kutamani. Ni msiba mdogo unaorudi mara mbili kwa siku, na msiba hautibiwi kwa kuambiwa ujikaze.

Sisi wa nyumbani tuliongeza chetu. Tukawa polisi wa sahani. Binamu yangu alibandika ukutani orodha ya vilivyokatazwa, kwa kalamu nyekundu, juu ya meza ya kulia. Ukitaka kumpa askari picha kubwa zaidi ya shati jekundu, hiyo ndiyo njia. Orodha yenyewe ilikuwa ya zamani, ya kabla ya mashine, ikimwambia apunguze nyama, samaki na mayai. Mtu akianza kusafishwa damu ushauri huo kwa kawaida hugeuka: sasa anahitaji protini zaidi, maana nyingine hupotea kwenye mashine. Alikuwa anajinyima yai kwa uaminifu, anakonda, na sisi tunampongeza.

Muuguzi wa lishe alipoiona picha ya orodha hiyo kwenye simu, aliomba iondolewe siku hiyohiyo. Aliandika nyingine isiyo na neno "usile" hata moja. Wakati ule niliona ni upole tu. Baadaye nikakuta una mantiki: katika majaribio ya watafiti wa Uholanzi yaliyochapishwa mwaka 2011, watu waliojipangia "nikishikwa na huzuni sitakula kitu fulani" waliishia kukiwaza zaidi, wengine kukila zaidi. Mpango unaofanya kazi vizuri ni ule unaoipa mikono kazi: "Mpishi akifunua majani, nitaomba wali na kipande cha samaki, nikae upande wa wazee." Askari hana picha ya kushika hapo, amepewa njia ya kuelekeza watu.

Kuna na hili lingine, ambalo nilidhani ni mzaha. Uchu wa chakula huishi sana kwenye picha: mvuke, rangi, majani. Watafiti wa Plymouth, Uingereza, waliwapa watu mchezo wa Tetris kwa dakika 3, ule wa kupanga vitofali vinavyoanguka, na uchu ukapungua. Haukuisha. Ulipungua, kwa sababu macho ya ndani hayawezi kupanga vitofali na kuchora matoke kwa wakati mmoja. Nadhani omweso ungefaa vilevile, mashimo 32 na kete 64 zinatosha kumjaza mtu kichwa, ingawa kwa kawaida mezani pa omweso kuna mtu anakula karanga.

Mwisho ikaja habari ya matoke yenyewe. Potasiamu huyeyuka kwenye maji. Matoke ya kufungwa kwenye majani hayagusi maji. Maji yapo chini ya sufuria, chini ya vikonyo, na yanayofika juu ni mvuke. Shati lenye jasho ukilitundika juu ya sufuria inayochemka litalowa, lakini jasho halitoki. Ukiliweka kwenye karai la maji na kuyamwaga, sehemu ya jasho huondoka nayo. Matoke yaliyomenywa, yakakatwa vidogo, yakachemshwa kwenye maji mengi na maji yakamwagwa, hupoteza sehemu ya potasiamu. Sehemu, si yote, na muuguzi alisisitiza kwamba kipimo chake hutoka kwenye majibu ya damu ya mgonjwa mwenyewe, si kwa jirani. Kwa Shangazi, baada ya vipimo, ikawa vipande vinne, Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza tulikaa wote mkekani, na sisi tukala ya kuchemsha kama yeye. Alionja, akatafuna polepole, akanitazama.

"Haya si matoke," alisema. "Haya ni matoke yaliyooga."

Alikula vitatu, akaacha cha nne, kisha akanyoosha mkono nimpe simu amalizie vitofali vyake.