Adajio ya Konserto ya Filimbi ya Mozart: Ushahidi Ulio Ndani ya Noti

Konserto ya filimbi ya Mozart katika ngazi ya G meja, yaani utungo wa filimbi ikisindikizwa na okestra, yenye namba K. 313 katika orodha ya kazi zake, haitajwi bila kutajwa barua aliyomwandikia baba yake kutoka Mannheim tarehe 14 Februari 1778, akilalamika kwamba huishiwa nguvu anapolazimika kutunga mfululizo kwa ajili ya chombo asichokipenda. Mimi ni mpuliza filimbi na mwalimu wa chombo hicho, na naona barua hiyo imepewa uzito usiostahili. Ni maneno ya kijana wa miaka 22 anayejitetea: kazi aliyoagizwa na Ferdinand De Jean, tabibu aliyewahi kuitumikia Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, haikuwa imekamilika, na alikuwa amelipwa gulden (sarafu ya wakati huo) 96 tu badala ya 200 alizotarajia. Konserto ya pili, ya D meja, aliipata kwa kuigeuza ile ya obo, chombo cha kupuliza cha jamii moja na zumari, aliyokuwa ameitunga mwaka uliotangulia.

Noti zenyewe zina ushahidi tofauti kabisa. Filimbi ya zama zile ilikuwa ya mbao, yenye matundu sita ya vidole na, kwa kawaida, kibonyezo kimoja tu. Mpulizaji akiyafungua matundu hayo moja baada ya jingine kuanzia chini, hupata ngazi ya D meja bila taabu. Sauti zilizo nje ya ngazi hiyo, kama F asilia au B flati, hupatikana kwa kuacha tundu moja wazi huku yaliyo chini yake yakizibwa, nazo hutoka zikiwa hafifu, kana kwamba zimefunikwa kitambaa. Kwa hiyo Mozart alipoziweka sehemu ya kwanza na ya tatu katika G, ngazi iliyo jirani na D, na Adajio, yaani sehemu ya kati ya mwendo wa polepole, katika D yenyewe, alijua vyema chombo hiki kinaimba wapi.

Tena katika Adajio alifanya jambo ambalo halikumlazimu. Obo mbili za okestra, zenye sauti kali, alizinyamazisha na mahali pake akaweka filimbi mbili, kisha akataka ala za nyuzi zibanwe vizimasauti juu ya daraja, kile kipande cha mbao kinachobeba nyuzi. Sauti laini ya mbao ikawa imezungukwa na za aina yake, wala haihitaji kushindana na yeyote.

Filimbi ya fedha ya mfumo wa Theobald Boehm, mtengenezaji filimbi wa Ujerumani, ya mwaka 1847, imezisawazisha sauti zote, nasi tunaoitumia hushawishika kuzipuliza zote kwa nguvu moja. Mimi huwataka wanafunzi wangu kwanza watafute kila noti iliyo ngeni kwa D meja katika Adajio hiyo, waipunguzie pumzi kidogo, na kurudi kwenye sauti kamili pale tu wimbo unaporejea nyumbani kwake.