Dishi, bando na fleshi: yanayosemwa Kigoma kuhusu runinga, na yalivyo

Dhana: Runinga imekufa, watu wote wamehamia YouTube.

Iliyopigwa ni biashara ya runinga, si kioo chenyewe. Chukua Marekani, ambako kampuni ya Nielsen hupima mambo haya kila mwezi. Mei 2025 video za mtandaoni zilichukua asilimia 44.8 ya muda wote wa kutazama runinga, na kwa mara ya kwanza zikazipita chaneli za antena na za kebo zikijumlishwa pamoja, zilizobaki na 44.2. Lakini hesabu hiyo ni ya watu waliokaa mbele ya runinga. Kioo ni kilekile cha sebuleni. Aliyepoteza ni mwenye kituo, yule aliyekuwa akikuamulia saa mbili usiku utazame nini.

Kwetu dishi limeshikiliwa na mpira. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF, shirikisho la soka nchini, mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Pita Mwanga au Ujiji siku ya Simba na Yanga, vibanda umiza, vile vya kutazamia mpira kwa kiingilio, vimefurika hadi watu wanachungulia dirishani. Vinavyohamia kwenye simu ni tamthilia, vichekesho na hata taarifa ya habari, kwa sababu ukivitazama kesho haviharibiki. Mpira ukilala umechacha.

Dhana: Mtandaoni ni bure, king'amuzi ndicho kinachokula hela.

Piga hesabu kwanza. Video inayokwenda kwa megabiti 1 kwa sekunde hula MB 450 kwa saa. Ubora wa picha wa 480p uko karibu na hapo; namba hiyo ikipanda, picha huwa safi zaidi. 720p hufika megabiti 2.5 hivi, yaani zaidi ya GB 1 kwa saa. Mechi moja pamoja na mapumziko ni kama saa mbili: MB 900 kwa 480p, GB 2 na ushee kwa 720p. Nyumba inayotazama saa nne kila siku kwa 480p itamaliza GB 54 kwa mwezi. Linganisha bei ya bando hilo na bei ya kifurushi cha king'amuzi, ndipo useme kipi ni nafuu. Kwa anayetazama nusu saa kwa siku, simu inashinda bila ubishi. Kwa familia ya watu saba inayowasha runinga tangu alasiri, dishi bado linashinda.

Kinachomaliza bando kimyakimya ni ubora ulioachwa ujichague wenyewe. Mtandao ukichangamka, video inapanda hadi 720p na hata 1080p bila kukuuliza, na kwenye kioo kidogo cha simu huoni tofauti. Gusa video, bonyeza alama ya gia, fungua ubora, chagua 360p. Kisha zima kile kitufe kinachoruhusu video inayofuata ijianzishe.

Tena ujue: satelaiti hurusha ishara moja, watazame kumi au laki moja. Mtandaoni kila mtu anatumiwa nakala yake. Ndiyo maana jioni, mnara wa mtaa ukielemewa, duara linazunguka hata kama bando limejaa.

Dhana: Simu ndiyo inayowahi, dishi linachelewa.

Ni kinyume. Video ya mtandaoni hukatwa vipande vya sekunde chache, mara nyingi 2 hadi 6, na programu hungoja vipande kama vitatu ndipo ianze kuonyesha. Ongeza muda wa kuvitengeneza na kuvisafirisha, unaweza kuachwa nusu dakika. Kelele za goli zinatoka kibandani, kwenye simu yako mpira bado uko katikati ya uwanja.

Dishi nalo lina ugonjwa wake, mvua. Linalotazama satelaiti ya nyuzi 7 mashariki, kutoka Kigoma linaelekea magharibi, kaskazini kidogo, upande wa ziwa. Wingu zito likishika huko, picha hukatika hata kabla tone halijagusa bati lako. Dishi si bovu, subiri wingu lipite. Ila picha ikiendelea kukatika mvua ikiwa imekwisha, fungua kiungio cha waya kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Ukikuta shaba imegeuka kijani, maji yameingia: kata sentimita kadhaa za waya, funga kiungio kipya, zungushia utepe usiopitisha maji.

Dhana: Fungua chaneli YouTube, hela zitakuja zenyewe.

Ili upate mgawo wa matangazo unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kwenye video ndefu unachukua asilimia 55 ya fedha za tangazo, kwenye fupi 45, na hulipwi mpaka zifike dola 100. Wengi hukwama mapema zaidi. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma namba ya uthibitisho kwa barua ya posta. Andika S.L.P. unayoifungua kweli, maana miezi minne ikipita bila kuingiza namba ile, matangazo husimamishwa. Ukibandika vipande vya mechi vya wenye haki, maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaifuta chaneli. Na ukitoa habari, unahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini.

Dhana: Vijijini mtandao ni hafifu, kwa hiyo huko runinga haijaguswa.

Imeguswa na fleshi. Muvi na tamthilia zilizopakuliwa mtandaoni hunakiliwa mjini, zinapanda boti Kibirizi kwenda kijiji cha Kagunga, zinachomekwa kwenye runinga ya sola. Jioni hiyo nyumba nzima imeipa kisogo taarifa ya habari na matangazo yake, mwenye filamu hapati hata senti, na muda huo wa kutazama hauonekani katika hesabu ya kituo wala ya YouTube.