Besi, kashe na uprofesyoneli: maneno ya uongo yanayozunguka hapa Lubumbashi

Wapiga besi wakikutana, iwe Kamalondo mbele ya baa, iwe komini ya Kenya ku repetisyo, iwe nyuma ya kanisa kule Katuba wakingojea mahubiri yaishe, mazungumzo yanafika haraka ku mambo matatu: gita gani, kashe (malipo ya kupiga) ngapi, na nani ni profesyoneli. Napenda sana hayo mazungumzo. Lakini mule ndani kuna maneno yanazungukaka miaka na miaka na vijana wanayameza bila kutafuna, mwingine anauza hata simu yake juu ya neno la uongo, njo maana naandika. Kwangu mimi mpiga besi anapimwa na vile wenzake wanapiga wakati yeye yupo: batri (mpiga ngoma) anatulia, mwimbaji anaingia bila woga, solo (gita ya melodi) anapata pa kukanyaga. Mengine yote yanakuja kisha.

"Besi ni ya yule aliyeshindwa solo"

Hii njo inaniumizaka kuliko zote. Kijana anafika ku orkestre, anakuta solo imechukuliwa, mi-solo (gita ya kati) imechukuliwa, wanamwambia basi kamata besi, nyuzi ni nne tu, ni rahisi. Anaikamata na haya, anasimama nyuma karibu na batri, na mwaka mzima macho yake yako ku vidole vya solo.

Fanya hii leo kama uko na mwenzako wa kinanda. Mwambie ashike do-mi-sol na asisogeze kidole hata kimoja. Wewe piga do chini: unasikia do majeri, imekaa, imetulia. Yeye bado ameshika palepale, wewe shuka ku la. Akordi yote imegeuka, sasa ni la mineri na septiemu yake, huzuni imeingia mu chumba na mwenzako hajafanya kitu. Peleka fa: imegeuka tena, sasa inaelea, inaomba kwenda mahali. Vidole vya kinanda ni vilevile, mabadiliko yote yametoka kwako. Yule mama anayefunga macho ku kiti cha mbele hajui nani amemgusa, lakini mwimbaji anajua, na ukikosea ile noti moja atageuka kukuangalia wewe, hatamwangalia wa kinanda.

Tena sisi wa Katanga njo tungepaswa kuwa wa kwanza kuheshimu hii kazi, juu wazee wetu waliifanya bila gita ya besi. Mwenda Jean Bosco, yule Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimrekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alikuwa na gita kavu moja tu, peke yake: dole gumba linatembeza besi ku nyuzi nene, kidole cha shahada kinaimba juu. Kule Marekani, Leo Fender, fundi wa magita, alikuwa ametoa Precision Bass, gita yake ya besi ya umeme, mwaka 1951 tu, mwaka mmoja kabla. Tafuta zile rekodi, lakini mara hii sahau melodi, fuata dole gumba peke yake toka mwanzo mpaka mwisho, utasikia mtu anajishikilia mwenyewe wakati na hakimbii hata mara moja.

Na ku sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, ni ileile. Mwenye hajui anafikiri besi inajaza kila mahali. Kumbe mpiga besi mzuri anaachaka shimo, anarudi pamoja na mguu wa batri, na mule mu shimo njo watu wanatingisha kiuno. Mpudi Decca alikaa miaka mingi na TPOK Jazz, orkestre ya rumba ya Franco, na magita yote yale yanayosukana juu yake yangeanguka kama yeye angeanza kuonyesha ufundi kila kipimo cha wimbo. Kuacha noti ambayo unaiweza ni kazi ngumu, na wengi wetu hatuifanyiaki repetisyo.

"Bila gita ya bei kali huwezi kufika"

James Jamerson, yule wa studio ya Motown kule Detroit, besi zake ziko ku nyimbo ambazo dunia nzima iliimba miaka ya 60. Alikuwa na Precision moja ya mwaka 1962, nyuzi zile bapa zisizo na mikwaruzo, na hakuwa mtu wa kuzibadilisha ovyo, zilikaa mpaka ikatike. Mkono wa kuume alitumia kidole kimoja, cha shahada. Kimoja! Sasa mwenzetu yuko na vidole vyote kumi, bado anangoja gita ya dola elfu mbili njo aanze.

Sisemi gita yoyote ni sawa. Nasema gita mingi zinazovuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kutoka kwa watu wa Johannesburg, ama zile za China zinauzwa mu mji, hazina ubaya wa bei, ziko na ubaya wa kutotengenezwa. Gusa uzi kidogo juu ya frete (kile chuma cha ku shingo) ya 12 bila kukandamiza, piga, sikiliza. Kisha kandamiza palepale, piga tena. Noti mbili lazima zilingane. Kama ya kukandamiza iko juu, kile kiti cha uzi ku shevale (daraja la nyuzi) unakirudisha nyuma, mbali na shingo. Kama iko chini, unakileta mbele. Bisibisi moja, akordere (kipima noti) ya simu, nusu saa. Niliona gita zikiitwa takataka mbele ya orkestre nzima, na shida ilikuwa hiyo tu.

Kisha shingo. Shingo ni mti, na mti unasikia hewa. Kwetu kiangazi kinaanza mwezi wa tano kinakwenda mpaka wa tisa, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, mvua ikirudi mti unakunywa maji, na gita iliyokuwa tamu mwezi wa saba mwezi wa kumi na mbili inapigana na wewe, nyuzi zimepanda, vidole vinauma. Ndani ya shingo kuna chuma cha kunyoosha, unakizungusha robo tu, unaiacha, unaangalia tena kesho. Anayekizungusha kwa nguvu siku moja anakikata, na hapo shingo imekwisha.

Nyuzi zimekufa na pesa hakuna? Zichemshe mu maji dakika chache, zikaushe vizuri kabisa, zitarudi kuwa na sauti kwa siku kadhaa. Ila kwa rumba mimi sioni haraka, uzi uliochoka kidogo unakaa vizuri na sauti ya mtu.

"Nyuzi tano njo alama ya profesyoneli"

Uzi wa mi unatikisika mara 41 hivi kwa sekunde, ule wa si wa chini mara 31. Bafle (spika) ndogo za ukumbi hazifikii huko, unakandamiza noti ya chini kabisa na watu wanasikia upepo. Kwa hiyo kununua nyuzi tano juu zinaonekana vizuri ku picha, hapana.

Lakini sababu ya kweli iko, na iko sana ku kanisa. Wapiga kinanda wetu wanapenda mi bemoli, na mwimbaji akipanda wanabonyeza transpoze, kitufe cha kuhamisha tonalite, wao vidole vinabaki mahali pamoja na wewe umebaki kutafuta. Mi bemoli na re za chini kabisa ziko nje ya nyuzi nne, hapo uzi wa tano unakusaidia kweli. Na wenye nyuzi nne wasihangaike, pandisha oktavi moja, hakuna mtu atalia. Kitu cha lazima ni kujua shingo yako kwa majina ya noti, juu anayejua mahali kwa kuangalia alama nyeupe tu, siku ile transpoze imebonyezwa mara mbili mu wimbo mmoja amekwisha.

"Ampli kubwa, sauti kubwa"

Wati 200 haziko mara mbili ya sauti ya wati 100. Ni desibeli 3 tu zaidi, sikio linasikia tofauti ndogo. Ili sikio liseme hii ni mara mbili unahitaji karibu mara kumi ya wati. Mtu amebeba ampli ya kuvunja mgongo juu ya desibeli 3! Ukiona besi haisikiki, jaribu kwanza kupunguza besi ku ampli, ndiyo, kupunguza, na kupandisha zile za kati, juu hapo njo sikio linatambua noti. Besi mingi mu ukumbi wa sakafu ya simenti na kuta tupu inakuwa ngurumo, batri hasikii tena mahali pa kuingilia, na hapo wote wanaanza kukimbia.

Kuna jambo moja hapa sitaki kubishana na mtu. Ampli ikiwa na ngurumo ya umeme, kuna mafundi wanakata ule mguu wa tatu wa priz (plagi), ngurumo inaisha, wanakuambia imepona. Haijapona. Ule mguu ni wa udongo, unaunganisha ampli na ardhi, njo unabeba umeme ukitoroka. Ukiukata, siku ampli imeharibika ndani nyuzi zako zinabeba umeme, na wewe unasogeza midomo ku mikro kuimba koro, mikro inakwenda mu sono (mitambo ya sauti) nyingine yenye udongo wake, na umeme unapita mwilini mwako kati ya mikono na midomo. Wenye walishasikia ile kuwasha ku midomo wanajua nasema nini, na ile kuwasha ni onyo tu, umeme wa hivyo unaua. Nyumba mingi na viwanja mingi vyetu havina udongo hata kidogo, grupu (jenereta) imewekwa ku majani nje, priz zimeunganishwa na tepi. Basi kabla ya kila kitu mwambie mtu wa sono apime na kipima umeme kati ya nyuzi na mikro, usijaribu na mikono wala midomo. Akikuta umeme, ama wewe ukisikia kuwasha, ampli inachomolewa, mtu wa sono anaitwa, na hupigi mpaka itengenezwe, hata kama bibi arusi ameshafika ku mlango. Ngurumo yenyewe itibiwe kwingine: chomeka besi na sono ku laini moja ya umeme, ama tumia bwate ya DI (kisanduku cha kupeleka sauti ya besi ku sono) yenye kile kitufe cha kutenganisha udongo wa kable ya sauti. Hicho hakina hatari, hakigusi udongo wa priz.

Neno la vidole ama mediatore (kile kipande cha kupigia nyuzi) nalipita haraka. Carol Kaye alipiga besi na mediatore mu studio za Los Angeles, Jamerson kidole kimoja, wote wawili wameajiriwa mpaka kuchoka. Chagua.

"Profesyoneli ni yule anayeonekana ku TV, ama anayeishi na muziki peke yake"

Jina la Jamerson halikuwa linaandikwa ku majalada ya disku, mpaka mwaka 1971 njo likaanza kuonekana. Miaka yote ile alikuwa nani, amateri?

Hapa kwetu kuna wapiga besi wa ajabu mchana wako mu kampuni za mgodi, wengine ni walimu, wengine wanauza simu, jumamosi ukiwaita unajua ndoa imekaa. Na kuna wenye hawana kazi ingine na ukiwaita hulali. Mimi natazama hivi: alhamisi umemtumia nyimbo ku WhatsApp, jumamosi anafika na karatasi ndogo, tonalite zimeandikwa, mahali pa kusimama pameandikwa. Anafika mbele ya sono, hafiki kisha. Anaakordi kimya, hapigi-pigi kati ya nyimbo wakati mkuu wa sherehe anasema. Mu mfuko kuna jeki (kable ya gita) nyingine, fyuzi ya ampli, na pili (betri ndogo) ya volti 9.

Hiyo pili naomba uielewe. Gita yenye umeme ndani inawashwa na jeki yenyewe. Ukimaliza repetisyo ukazima ampli ukaenda kula huku jeki bado imechomekwa, pili inaendelea kuliwa saa zote hizo. Jioni wimbo wa pili sauti inaanza kukwaruza, noti za nguvu zinapasuka, wa tatu inapungua, wa nne hakuna. Watu wanalaumu ampli. Chomoa jeki kila ukipumzika, ni hivyo tu.

Kisha pesa, na hapa tunaogopana sana. Maongezi ya kawaida yako hivi:

"Yaya, njoo tu utusaidie, wakubwa watakuwepo, utajulikana."

"Asante kunikumbuka, mdogo wangu. Ukumbi ni wapi, tunaanza saa ngapi, na kashe ni ngapi?"

"Aa yaya, ni ndoa ya familia!"

"Wa kinanda analipwa?"

"Wa kinanda... ndiyo, analipwa."

"Bon. Basi na besi."

Hakuna matusi mule ndani, hakuna kiburi. Kupiga bure ku kanisa lako kwa moyo wako ni jambo jema na mimi nalifanya, ila iwe umechagua wewe mwenyewe, isiwe umezungushwa. Ku kazi ya pesa sema mapema na mbele ya mtu wa pili: avansi ni ngapi na inaingia siku gani, nani analipa taksi ya usiku juu hutatembea na gita Ruashi saa saba ya usiku, nani ananunua mafuta ya grupu umeme ukikatika, na kama wageni wakichelewa masaa matatu saa zenu zinahesabiwa toka wapi. Andikeni ku WhatsApp, ujumbe mmoja unatosha, ajibu tu "ndiyo". Na sherehe ikiwa ya kuisha saa sita ya usiku na bibi arusi anaomba nyimbo tatu zaidi, mpigieni moja kwa roho safi, hizo mbili mwende kwanza kuonana na yule anayeshika pesa, kabla hajaenda kulala.