Bendix ya stata ni nini, na kwa nini hugoma?

Ukifungua stata ya gari la kale, yaani mota ya umeme inayoiwasha injini, mbele ya mota utakuta shafti yenye nyuzi nene kama za skrubu, gia ndogo iliyovaa juu yake, na springi nzito iliyokazwa kwa bolti. Vyote hivyo kwa pamoja mafundi huviita bendix, kwa jina la mvumbuzi wake, Mmarekani Vincent Bendix.

Cadillac ilipotoka na stata ya umeme mwaka 1912, dereva alipumzika kuzungusha hendeli. Ford Model T nayo ikaanza kuwekewa mwaka 1919. Lakini mota ya umeme haiwezi kuachwa imeshikana na injini muda wote. Tuseme flaiwili, lile gurudumu zito lenye meno linalozunguka na injini, ina meno mara kumi ya yale ya gia ya stata: injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, itaisukuma mota mara 10,000, na mota hiyo itapasuka. Kwa hiyo gia lazima iingie, isukume, kisha itoke upesi.

Uzuri wa bendix ni kwamba hakuna mkono wala waya unaoisogeza ile gia. Mota inapostuka na kuanza kuzunguka ghafla, gia, kwa uzito wake, inachelewa kuifuata. Shafti inazunguka ndani yake, nyuzi zinaisukuma mbele kama nati kwenye bolti, mpaka inauma meno ya flaiwili. Springi inapokea kishindo. Injini ikiwaka, flaiwili inaizidi gia mbio na kuirudisha ilikotoka.

Hapo ndipo ilipo siri ya matengenezo yake: mtupo ule wa gia kwenda mbele unategemea mambo mawili tu, nyuzi safi na mwanzo wa ghafla. Ukisikia mota inavuma peke yake na injini haigeuki, mara nyingi gia imenasa kwenye nyuzi kwa uchafu. Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kuipaka grisi. Grisi hukamata vumbi la klachi, ikageuka tope jeusi, na gia haiendi tena. Ioshe kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke kabisa, kisha izungushe kwa vidole: iende na kurudi bila kukwama popote. Unga kidogo wa grafiti unatosha.

Kabla ya yote hayo, toa waya wa betri unaokwenda kwenye bodi. Hakikisha ni upi, maana magari mengi ya kale yamefungwa chanya kwenye bodi, si hasi.

Springi iliyovunjika haina dawa ila mpya. Zile washa za kukunja, zinazozuia bolti zake zisilegee, nazo zisitumiwe tena. Bolti ikilegea humo ndani inaweza kuangukia kwenye meno ya flaiwili.

Wakati mwingine bendix husingiziwa. Gari la volti 6 linahitaji waya mnene sana wa stata, kwa kuwa umeme unaopita ni mwingi. Mtu akiweka waya mwembamba wa gari la volti 12, au akiacha kutu kwenye maungio, mota inaanza polepole, na gia haipati mtupo. Unaifungua, unaisafisha, unairudisha, na tatizo liko palepale.

Gia ikikwama ndani ya meno, usigonge stata kwa nyundo. Zima swichi, weka giaboksi kwenye gia ya juu, kisha lisukume gari kinyumenyume kwa vishindo vidogo mpaka usikie mlio wa kuachia. Ikirudia, chungulia meno ya flaiwili. Injini ya silinda nne huelekea kusimama sehemu mbili zilezile, zinazotazamana, na hapo ndipo meno hulika. Kama ringi yenye meno hayo imevalishwa kwenye flaiwili kwa moto, na meno yake yako sawa pande zote mbili, fundi anaweza kuipasha, kuitoa na kuigeuza, upande usiolika ukaelekea kwenye stata.